Herufi A ilipokufa

Laptopu yangu haikufa kwa mkupuo. Kilitangulia kitufe kimoja, nacho kilikuwa A. Mwanzoni kilidai kubonyezwa kwa nguvu, baadaye kikawa kinaandika kinapojisikia, mwisho kikanyamaza jumla. Sasa jaribu kuandika Kiswahili bila A. Neno "wanatazamana" lina herufi 12, na 6 kati yake ni A. Ukizitoa unabaki na "wntzmn", ambalo hata wewe mwenyewe huwezi kulitamka.

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, kwa hiyo kusubiri hakukuwezekana. Nilinakili a moja kutoka kwenye faili, kisha kila nilipoihitaji nikawa naibandika kwa Ctrl na V. Baada ya siku tatu vidole vilikuwa vimezoea. Balaa lilikuja nilipojisahau nikanakili kitu kingine: A iliyofuata ikatoka aya nzima ya barua ya mtu, katikati ya neno "kitabu".

Nilipoifungua laptopu ili nibadilishe kibodi nilikuta imeshikiliwa na vinundu vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani, vingi mno, hakuna hata skrubu moja. Kubadilisha kibodi kulimaanisha kubadilisha ganda zima la juu. Nikaazima kibodi ya mezani, ya zile ambazo kila kitufe kina swichi yake na springi yake, nikailaza juu ya ile iliyokufa. Hapo ndipo yaliponianza.

Kitufe cha laptopu kinashuka milimita moja na kitu, basi. Swichi ya aina ya Cherry MX inashuka milimita 4, na herufi inaandikwa kidole kikiwa kimefika milimita 2 tu. Maana yake kidole kikishazoea hakilazimiki kugonga sakafu. Kinaweza kugeuka njiani kurudi juu. Jioni ya kwanza niliandika saa nne mfululizo, na nilipoinuka nikagundua sijajinyoosha vidole hata mara moja. Kwa miezi mitatu nikawa natembea na laptopu pamoja na kibodi ya watu, mzigo juu ya mzigo, mpaka nikajiuliza kwa nini nisitengeneze mashine moja inayoanzia hapo kwenye vitufe.

Niliyoitengeneza kwanza sikuianzia kwenye vitufe. Nilikwenda kununua vile vinavyoonekana kama kompyuta: bodi ya Raspberry Pi 4, ambayo ni kompyuta nzima kwenye bodi moja ndogo, na skrini ya inchi 7. Vilipowaka mezani nilifurahi kama mtoto. Kibodi nikasema nitaitafutia nafasi baadaye. Baadaye ilipofika nikapima: skrini ina upana wa milimita 155 hivi, na kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya jirani yake, kwa kibodi ya kawaida, ni milimita 19.05. Gawanya. Vinaingia vitufe vinane kwa mstari, na mstari wa juu wa herufi peke yake unataka kumi. Nikakimbilia kibodi ndogo ya vitufe vya mpira, ikaenea vizuri, lakini haikuandikika ila kwa vidole gumba viwili. Nilikuwa nimetengeneza simu nene isiyopiga.

Niliiweka kabatini nikaanza upya, safari hii na karatasi na rula. Kibodi ya vitufe 61, ile iliyokatwa sehemu ya namba na mishale, ina upana wa milimita 285.75. Hiyo inakupeleka kwenye skrini ya inchi 13, na sanduku linakuwa sinia. Kwa upande wa pili kuna mpangilio wa gridi: mistari minne ya vitufe 12, jumla 48, vyote vya ukubwa mmoja. Upana wake ni milimita 228.6, urefu kwenda chini 76.2. Skrini ya inchi 10.1 yenye nukta 1280 kwa 800 ina eneo la kuonyesha lenye upana wa milimita 217, na ukijumlisha fremu yake unakaribia kabisa upana ule wa vitufe. Kwa hiyo skrini ilichaguliwa na kibodi, na sanduku likachaguliwa na hivyo viwili. Bodi ilikuwa ndiyo jambo dogo kuliko yote. Ina ukubwa wa kadi ya benki, inaingia popote.

Swichi nazo zina adabu zao. Zina vimeno viwili pembeni vinavyoshika bamba, na vimeno hivyo vimetengenezwa kwa bamba lenye unene wa milimita 1.5. Mimi nilikuwa na kipande kizuri cha plaiwudi ya milimita 4, nikaona kinafaa, nikatoboa matundu. Swichi ziliingia, zikakaa. Siku nilipovuta kofia ya kitufe ili niisafishe, swichi nzima ilitoka nayo na nyaya zake zikaning'inia kama mizizi. Vimeno havikuwa vimeshika kitu. Nikahamia bamba la alumini la 1.5, na kwa kiburi nikaamua kuchonga matundu 48 ya mraba wa milimita 14 kwa tupa. Jioni mbili, matundu kumi na mawili, na matano kati ya hayo yalikuwa yamepanuka kiasi kwamba swichi inacheza kama jino bovu. Nikalipeleka bamba jipya pamoja na mchoro kwa fundi mwenye mashine ya leza. Alimaliza kabla sijamaliza kumsimulia.

"Hayo kumi na mawili uliyachonga kwa mkono?" akaniuliza akiligeuzageuza bamba la zamani.

"Ndiyo, fundi."

"Pole." Akalirudisha.

Kulehemu nilikupenda. Ukiunganisha kila swichi kwa waya wake unahitaji nyaya 48 kwenda kwenye chipu, na kibao kidogo cha chipu ya ATmega32U4 nilichokuwa nacho kina pini 18 tu zinazotumika. Ujanja ni gridi: swichi zote za mstari mmoja zinashiriki waya, na zote za safu moja zinashiriki waya, hivyo mistari 4 na safu 12 zinakuwa nyaya 16. Chipu inazungukia mstari mmoja mmoja kwa kasi kubwa ikiuliza nani kabonyezwa. Ila gridi ikiwa tupu ina uongo wake: ukibonyeza vitufe vitatu vinavyofanya pembe tatu za mstatili, umeme unapita njia ya nyuma na chipu inaona pembe ya nne nayo imebonyezwa. Dawa yake ni dayodi moja kwa kila swichi, mimi nilitumia zile za kioo aina ya 1N4148, ili umeme upite upande mmoja tu. Dayodi ina mstari mweusi kwenye ncha moja, na ncha hizo zote lazima zielekee upande uleule. Niliweka 47 sawasawa. Iliyogeuka ilikuwa ya W. Si A, angalau.

Dayodi 48, kila moja ina miguu miwili ya waya, na kila mguu unaukata ukishalehemu. Hivyo ni vijiti 96 vya waya juu ya meza. Nitavirudia.

Programu ya ndani ya kibodi ni QMK, ya bure, na uzuri wake ni kwamba wewe ndiye unayeamua kila kitufe kitume nini. Hapa nilipoteza wiki nzima na sijutii. Vitufe 48 havitoshi kwa alama zote, hivyo nyingine unazificha kwenye tabaka la pili: unashikilia kitufe cha kugeuza, kisha unabonyeza herufi. Niliiga mpangilio niliouona kwa wengine, ukanipa namba na mabano na alama zote za waandika programu mahali pazuri, na ritifaa, ile alama iliyo ndani ya ng', ikatupwa kwenye tabaka la pili. Siku ya kwanza ya kazi nikakutana na makala ya ufugaji. Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Kila ng'ombe alitaka mikono miwili. Kufika aya ya tatu nilikuwa namchukia mnyama asiye na kosa.

Nikachukua karatasi nikauliza: mimi ninaandika nini hasa? Q siitumii kabisa. X nayo vilevile. C haiji bila H. Nikaing'oa Q kwenye kiti chake nikamkalisha ritifaa. Nafasi ya X nikaipa kitufe kinachotuma n, g na ritifaa kwa mpigo mmoja, nikajiona bingwa. Kesho yake nilitaka kukata sentensi na kuihamisha, nikabonyeza Ctrl na X kama nilivyozoea miaka yote. Kibodi ikatuma Ctrl na n, dirisha jipya likafunguka, likafuatiwa na mambo mengine ambayo sikuyaomba. X ikarudishwa kwao siku hiyohiyo, na kile kitufe cha ng' kikahamia ubavuni mwa kitufe cha nafasi, chini ya kidole gumba, ambako kipo hadi sasa. Q haikurudi. Ctrl na Q hufunga programu nzima, na sijawahi kuihitaji ila kwa bahati mbaya.

Kisha lilikuwepo suala la A yenyewe. Nilikuwa nimenunua swichi nzito, za nguvu kama gramu 60, kwa imani kwamba kibodi nzuri ni ile inayokataa kidogo. Baada ya mwezi kidole changu kidogo cha kushoto kikaanza kuuma kwenye kiungo cha chini. Hiki ndicho kidole dhaifu kuliko vyote, na mpangilio wa kawaida umekipa herufi inayotumika kuliko zote katika lugha yetu. Waliopanga herufi hizo hawakutufikiria, na sikuwa tayari kujifunza kuandika upya. Lakini swichi hizi zinafunguka. Ni vimeno vinne. Unaviinua kwa bisibisi bapa nyembamba, kifuniko kinatoka, springi unaitoa kwa kibano. Niliweka springi ya gramu 35 kwenye A peke yake. Maumivu yaliisha ndani ya wiki mbili. Kidole cha mgeni kikipita hapo kinashtuka, kama mtu anayepanda ngazi akakuta moja ni fupi.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi, isipokuwa lile la vijiti.

Betri ni seli nne za 18650, jina ambalo ni vipimo vyake tu: kipenyo milimita 18, urefu 65. Mbili mbili sambamba, kisha mfululizo, zinatoa volti 7.2, na kwa seli za milliampea-saa 3000 jumla ni wati-saa 43. Bodi na skrini kwa pamoja vinakula wati 8 hivi ninapoandika. Kwa hesabu nilitarajia saa tano, nikapata nne na nusu. Kigeuzi cha volti, kinachozishusha hadi 5 zinazotakiwa na bodi, nacho kinakula chake. Nilikuwa na bodi ya ulinzi dhidi ya kujaza kupita kiasi na kumaliza kupita kiasi, lakini nilikuwa sijaifunga, nilitaka tu kuona kama seli zinaenea kwenye kishikizo chao.

Niliziingiza juu ya meza ileile. Kijiti kimoja cha dayodi, kirefu kama punje ya mchele, kilikuwa kimejilaza ndani ya kishikizo kati ya ncha mbili za mwisho. Sikusikia mlio wowote. Niliona tu kauzi kekundu, kembamba, kanang'aa ndani ya plastiki, na plastiki ikaanza kulainika kukizunguka. Nilizing'oa seli kwa ncha ya penseli, na harufu ile ikabaki chumbani hadi asubuhi. Seli za lithiamu hazina aibu. Zina uwezo wa kutoa makumi ya ampea kwa yeyote anayezigusisha. Tangu hapo vijiti vinakatiwa ndani ya kopo, fyuzi ya ampea 5 inakaa hatua ya kwanza kabisa kutoka kwenye seli, na bodi ya ulinzi inafungwa kabla ya kingine chochote. Kishikizo kilichoyeyuka ninacho bado.

Baada ya hapo kila nilipofungua kivinjari, alama ndogo ya radi ya njano ilitokea pembeni mwa skrini na mashine ikawa nzito. Nikaamini bodi ya Raspberry Pi ni mbovu. Amri ya vcgencmd get_throttled, inayoiuliza bodi hali ya umeme wake, ilinijibu 0x50005, yaani umeme uko chini sasa hivi na mashine imejipunguza kasi. Nikaweka mita kwenye kigeuzi: volti 5.1. Nikaiweka kwenye bodi yenyewe: 4.58, na bodi hii hulalamika ikishuka chini ya 4.63. Nusu volti ilikuwa inapotelea njiani, kwenye sentimita thelathini za waya mwembamba niliouzungusha kwa uzuri pembeni mwa sanduku na kwenye swichi ya kuwashia niliyoichagua kwa sababu ilikuwa inapendeza. Waya mnene wa sentimita kumi, swichi nyingine, radi ikaondoka. Kabla haijaondoka ilikuwa imeshazima mashine mara moja katikati ya kuhifadhi faili, kadi ya kumbukumbu ikaharibika, na sura nzima ya mtu ikaenda nayo. Nilimwomba msamaha na kumwomba nakala. Tangu siku hiyo kila nikihifadhi faili, nakala ya pili inakwenda kwenye flashi.

Sasa mapajani. Mashine ilikuwa nzuri sana mezani. Siku ya kwanza niliyoiweka mapajani na kuifungua, ilipiga mgongo ikaanguka kifudifudi mbele ya magoti yangu. Nikapima kwa mizani: sehemu ya chini gramu 690, skrini pamoja na fremu yake gramu 540. Bodi na seli zote nilizipanga nyuma, karibu na bawaba, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na nafasi. Kwa hiyo uzito wote ulikuwa ukining'inia kwenye ukingo uleule.

Hapo nikaanza kuwaelewa wa zamani. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na skrini ya inchi 5 na uzito wa kilo 11 hivi, na kibodi yake ndiyo ilikuwa kifuniko. Unaiweka mezani, unakifungua, hakuna cha kupinduka. TRS-80 Model 100 ya mwaka 1983 ilikwenda mbali zaidi: haina bawaba kabisa. Ni kibao kimoja, kibodi kamili chini, skrini ya mistari 8 ya herufi 40 imelala juu yake, na inaendeshwa na betri nne ndogo za AA kwa hadi saa 20. Waandishi wa habari waliipenda, na ukiishika kwa mawazo tu unaona sababu. Nilikaribia kuiga kibao kile. Kilichonizuia ni shingo. Kuhariri ni kusoma zaidi ya kuandika, na kusoma kitu kilicholala kunauma.

Dawa ikawa kuhamisha seli kuja mbele, chini ya viganja. Ilibidi kurefusha sanduku kwa milimita 60, na milimita hizo zikawa mahali pa kupumzishia viganja ambapo sikuwa napo mwanzoni. Bodi ilibaki nyuma, na matundu ya hewa niliyokuwa nimeyatoboa chini nikayahamishia ukingo wa nyuma, kwani mapajani yalikuwa yanazibwa na nguo, joto linafika nyuzi 80 na mashine inajipunguza mwendo yenyewe. Sasa sanduku lina unene wa milimita 38 na kilo moja na nusu. Nene, ndiyo. Swichi za milimita 4 hazijifichi.

Bawaba zilinisumbua hadi mwisho. Za kabati hazina ukinzani, skrini inaanguka. Nilizozipata mwishowe nilizitoa kwenye laptopu ileile iliyokufa A, na zinashika vizuri kuliko inavyostahili mashine iliyonitesa vile. Skrubu ndani ya mbao ziling'oka ndani ya siku tatu. Bolti zinazopita hadi upande wa pili na nati zake hazijalegea. Kebo bapa ya picha ilikatika ndani baada ya miezi minne kwa kukunjwa mahali pamoja, nikaweka nyingine ndefu zaidi iliyojizungusha duara moja ndani ya bawaba, na hiyo inaendelea.

Juzi mpwa wangu alikuja akataka kuangalia barua pepe yake. Aliigusa gusa kwanza, akabonyeza A mara tatu, akanitazama. Kisha akaandika jina lake vizuri tu, akafika kwenye neno la siri, akasimama.

"Mjomba, Q iko wapi?"

Nikamwonyesha: shikilia hiki hapa kwa kidole gumba, kisha bonyeza K.

"Kwa nini K?"

Nikaanza kumweleza habari za ng'ombe. Alijaribu mara mbili, neno la siri likakataliwa mara mbili, akatoa simu yake mfukoni.